UZI: "Rudisheni pesa zetu!" Sawa, lakini ni nani anarudisha?

Kila msimu wa siasa ukifika hapa Kenya kuna ahadi moja utaisikia jukwaani, redioni na ndani ya kila matatu: "Tutarudisha pesa zote." Benki imeanguka, mchezo wa upatu umelipuka, supamaketi imekufa ikidaiwa na watu waliokuwa wanaipelekea maziwa na mboga. Umati unapiga makofi. Upande wa pili unajibu: "Hiyo ilikuwa biashara, kulikuwa na mikataba, msiguse wawekezaji wala wakopeshaji." Nao wanapigiwa makofi.

Mimi nasoma sayansi ya siasa, sheria si yangu, kwa hivyo mawakili mlioko hapa mtanivumilia na lugha ya mtaani. Lakini pande zote mbili zinaruka swali lenyewe. Sheria ya ufilisi haianzi kwa kuuliza nani mwizi. Inauliza: kabla mambo hayajaharibika, nani alipokea mali, na yeye alitoa nini? Na hilo swali linaweza kumfikia mtu ambaye hajaiba hata ndururu. Historia yake ni ya zaidi ya miaka 400 na ndani yake kuna kondoo, kwa hivyo vuta kiti.

Masharti ya hapa ni yale yale: hakuna jina la mwanasiasa, hakuna jina la chama.

Tuanze na mfano wa kubuni. Chukua jamaa mwenye duka la jumla. Anadaiwa jumla ya milioni 10: mwenye unga, mwenye mafuta, mwenye nyumba, rafiki yake, wafanyakazi. Mali aliyobaki nayo ni ya milioni 4. Ukigawa sawasawa, kila anayemdai anapata senti 40 kwa kila shilingi. Inauma, lakini inauma kila mtu kwa kipimo kimoja.

Sasa jamaa anaona mwisho unakuja. Jambo la kwanza, pikapu ya laki nane anamwuzia shemeji yake kwa elfu hamsini. Hiyo hata mtoto wa darasa la nne anajua ni mchezo. Jambo la pili ni gumu zaidi. Yule rafiki aliyemkopesha milioni 1 anampigia simu usiku, analipwa milioni yake yote, kisha wiki inayofuata duka linafungwa. Rafiki hakuiba. Deni lilikuwa la kweli, na risiti iko. Lakini hata tukisahau ile pikapu, chungu kimebaki na milioni 3 za kugawanywa kwa madeni ya milioni 9. Wengine wote wameshuka kutoka senti 40 hadi 33. Yeye amepata 100.

La kwanza ni kuhamisha mali kwa hila, au kwa bei ya kutupa. La pili linaitwa upendeleo. Yote mawili, mfilisi anaweza kwenda mahakamani na kusema: irudi kwenye chungu. (Msichanganye: muflisi ndiye aliyefilisika, mfilisi ndiye anayekusanya na kugawa. Nimeona watu wazima wakitukanana hapa kwa sababu ya herufi moja.)

Haya, kondoo.

Mwaka 1571, chini ya Malkia Elizabeth wa Kwanza, bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kubatilisha zawadi na mauzo yote yaliyofanywa ili kuwachelewesha, kuwazuia au kuwapunja watu wanaodai. Ndani yake kuna kitu kidogo cha kisiasa ambacho huwa kinasahaulika: mtu akipatikana na hatia, nusu ya alichonyang'anywa kilienda kwa aliyepunjwa na nusu nyingine kwa Malkia. Yaani serikali ilikuwa na mkono wake kwenye chungu tangu siku ya kwanza.

Miaka 30 baadaye ikaja kesi ambayo wanafunzi wa sheria bado wanaisoma, kesi ya Twyne, mwaka 1601. Kulikuwa na mkulima wa Hampshire aliyeitwa Pierce. Alidaiwa pauni 400 na Twyne, na pauni 200 na mtu mwingine. Huyu wa pauni 200 akamshtaki. Kesi ikiwa bado inaendelea, Pierce akaandika hati ya siri kumpa Twyne mali yake yote inayohamishika, yenye thamani ya pauni 300, eti kulipa deni.

Angalia hesabu. Twyne alidai 400, akapewa vitu vya 300. Kwenye karatasi alipata hasara. Deni lilikuwa la kweli. Kwa nini basi ashtakiwe?

Kwa sababu hakuna kilichosogea. Kondoo walibaki kwa Pierce. Aliwakata manyoya, akawatia alama yake mwenyewe, wengine akawauza. Afisa wa mahakama alipokuja kukamata mali kwa niaba ya yule wa pauni 200, Twyne na watu wake wakamzuia kwa nguvu: hizi mali ni zetu, hati hii hapa. Mahakama ikaangalia dalili. Pierce alitoa kila kitu, hata nguo zake hakubakiza. Aliendelea kutumia mali kama yake. Ilifanywa kwa siri. Ilifanywa kesi ikiwa mahakamani. Kulikuwa na maelewano ya chini kwa chini kati yao. Na dalili ninayoipenda kuliko zote: hati yenyewe ilisisitiza kwamba imeandikwa kwa uaminifu na nia njema kabisa. Majaji wakaona mtu mwaminifu haandiki hivyo. Ukiona mkataba unaapa mara tatu kwamba ni halali, shika mfuko wako.

Kwa nini nakazia kesi ya kondoo? Kwa sababu ilitambua jambo ambalo siasa zetu bado hazijalimeza: huwezi kuingia kichwani mwa mtu ukaona nia yake, unaangalia mali ilienda wapi na nani aliendelea kuifaidi. Pale Nairobi leo mtu "anauza" jumba lake kwa kampuni ya mke wake na bado anaishi humo na mbwa wake na askari wake. Huyo ni Pierce. Kondoo wana alama yake.

Lakini kesi ya Twyne ni rahisi, kwa sababu alikuwa ndani ya njama. Ugumu unaanza aliyepokea asipojua lolote. Kwa hiyo tuvuke bahari, kwa sababu Wamarekani walirithi mawazo haya ya Kiingereza, na ndio waliojaribiwa zaidi.

Boston, Desemba 1919. Charles Ponzi, ndiyo, yule yule, anaanza na dola 150. Anawaambia watu ananunua kuponi za posta za kimataifa nchi moja na kuzibadilisha nyingine kwa faida, na atawapa asilimia 50 juu ya pesa yao ndani ya siku 90. Baadaye analipa hata kwa siku 45. Ndani ya miezi minane amekusanya karibu dola milioni 10. Biashara ya kuponi haikuwepo ya maana. Wa jana alilipwa kwa pesa ya wa leo.

Tarehe 2 Agosti 1920 gazeti la Boston Post likaandika kwamba jamaa hana uwezo wa kulipa madeni yake. Foleni ikaanza. Ponzi akaendelea kulipa, siku baada ya siku, hadi tarehe 9 akaunti ikakauka. Waliowahi walirudishiwa mtaji wao. Wengi hawakupata faida yoyote, walisema tu "tumegundua umetudanganya, tupe pesa yetu". Waliochelewa walikuta mlango umefungwa.

Wasimamizi wa ufilisi wakawashtaki waliowahi. Fikiria uso wa huyo mtu. Ametapeliwa, amekimbia, ameokoa akiba yake, halafu anaitwa mahakamani YEYE. Mahakama za chini zilimwonea huruma. Zilisema: hii ilikuwa pesa yake, alivunja mkataba uliojaa uongo, akachukua kilicho chake.

Mwaka 1924 Mahakama ya Juu ya Marekani ikapindua. (Jaji Mkuu aliyeandika hukumu alikuwa amewahi kuwa rais wa nchi, kwa hivyo kwa masharti ya hapa jina lake mtajitafutia.) Hoja ilikuwa hivi: pesa zote zilikuwa zimechanganyika kwenye akaunti. Huwezi kuonyesha kwamba noti ulizopewa ni zile zile ulizoweka. Na wewe ulitapeliwa kama wengine wote, hadi wa mwisho kwenye foleni. Kama nyote mlitapeliwa sawa, basi kulipwa wewe kamili wakati mwenzako hapati kitu hakukufanyi uwe umeokoa chako. Umepokea sehemu ya mwenzako. Rudisha, kisha ingia kwenye mgao pamoja na wengine.

Mimi nakubaliana na hukumu hiyo, lakini nikiri kwamba inauma, na sababu yangu ya kuumwa ni ya nyumbani. Miaka ya 2006 na 2007, nikiwa mtoto mdogo, Kenya ilijaa michezo ya upatu, DECI ikijulikana zaidi, na zaidi ya shilingi bilioni 8 zikazama. Shangazi yangu aliingia mapema kwenye mmoja wa michezo hiyo na akatoka mapema. Alinunua ng'ombe. Jirani yake aliingia wiki za mwisho akapoteza pesa za kuuza shamba. Shangazi hakumdanganya mtu yeyote. Lakini ukifuata shilingi moja moja, ng'ombe yule alitoka kwa watu kama jirani, hakutoka kwa yule tapeli. Kule kwetu hili halizungumzwi mezani. Tunamlaani tapeli, tunakunywa chai ya maziwa.

Sasa tuingie kwenye wiki moja ambayo naona kila mtu anayepiga kelele za siasa za uchumi angeijua. Desemba 2008, Marekani. Jumatatu tarehe 8, Tribune, kampuni ya magazeti ya Chicago Tribune na Los Angeles Times, inaomba ulinzi wa ufilisi. Alhamisi tarehe 11, Bernard Madoff anakamatwa New York. Wiki moja, nchi moja, sheria moja ya ufilisi. Tazama zilivyoisha.

Madoff kwanza. Taarifa za akaunti alizowatumia wateja zilionyesha karibu dola bilioni 65. Zilikuwa hadithi, hakuna hisa iliyonunuliwa. Mtaji halisi uliopotea ulikadiriwa mwanzoni kuwa zaidi ya dola bilioni 17. Msimamizi aliyeteuliwa, Irving Picard, alifungua kesi zaidi ya 1,000. Alilenga watu waliotoa zaidi ya walichoweka. Kama uliweka milioni moja na kwa miaka ukatoa milioni moja na nusu, hiyo nusu ni faida ya kubuni, ni pesa ya mwenzako, irudi. Mtaji wako, kama ulikuwa na nia njema, unabaki nao.

Watu walipiga kelele, na si matajiri tu. Kulikuwa na wastaafu ambao zile "faida" walishakula, walishalipia kodi, walishasomesha wajukuu. Walitaka wahesabiwe kwa taarifa yao ya mwisho, ile yenye tarakimu nono. Mwaka 2011 mahakama ya rufaa ikakataa: ukihesabu kwa taarifa ya mwisho unamwachia tapeli aamue nani ni tajiri. Hesabu ni uliweka ngapi, ulitoa ngapi. Msimamizi aliweka utaratibu wa kuwasikiliza walioishiwa kabisa, na baadhi ya kesi hizo ziliachwa. Pesa kubwa ilitoka kwa wakubwa: familia ya mwekezaji mmoja aliyekuwa amefariki ilikubali kurudisha dola bilioni 7.2, nyingine zikipitia kwa msimamizi na nyingine kwa serikali. Benki ya JPMorgan, iliyokuwa na akaunti ya Madoff kwa miaka, mwaka 2014 ilikubali kutoa dola bilioni 1.7 kwa serikali na mamia ya mamilioni juu yake. Kwa ujumla msimamizi amekusanya zaidi ya dola bilioni 14. Kwa utapeli wa aina hiyo, ni maajabu.

Kisha Tribune. Mwaka 2007 kampuni ilinunuliwa kwa mbinu ambayo ukiieleza kijijini watadhani unatania: wanunuzi walikopa, na deni likabebeshwa kampuni yenyewe inayonunuliwa. Wenye hisa wa zamani walilipwa zaidi ya dola bilioni 8 wakaenda zao. Kampuni ikabaki na mzigo, na kwa karibu mwaka mmoja ikaanguka ikiwa na madeni ya karibu dola bilioni 13. Waliokuwa wanaidai wakasema: hizi bilioni 8 zilitoka mfukoni mwa kampuni, na kampuni haikupata chochote cha maana. Hii ni pikapu ya shemeji, imevaa suti tu.

Mahakama haikuwarudishia. Sheria ya Marekani ina kinga: malipo ya biashara ya hisa yanayofanywa na au kwa taasisi ya fedha hayaguswi, isipokuwa hila ya makusudi ithibitishwe. Kinga iliwekwa kwa sababu inayoeleweka. Soko la hisa ni mnyororo. Ukivuta malipo ya jana, wa leo hajui kama pesa aliyopokea ni yake, na kampuni moja ikianguka inaangusha kumi. Mwaka 2018 Mahakama ya Juu ilibana kinga hiyo, ikasema pesa kupita tu benki njiani hakutoshi, lazima uangalie wanaolipana ni kina nani hasa. Wengi walidhani kesi ya Tribune imefufuka. Mwaka 2019 mahakama ya rufaa ikapata mlango mwingine: kwa kuwa Tribune ilitumia kampuni ya amana kuwalipa wenye hisa, ilikuwa mteja wa taasisi ya fedha, na kwa maana ya sheria mteja wa namna hiyo anahesabika kama taasisi ya fedha yeye mwenyewe. Kampuni ya magazeti. Taasisi ya fedha. Mwaka 2021 Mahakama ya Juu ikakataa kuisikiliza.

Kwa haki, lazima niseme kinga ile ile iliwasaidia pia wateja wa Madoff. Mwaka 2014 mahakama iliamua kwamba kwa wasiojua chochote, msimamizi angeweza kurudi nyuma miaka miwili tu. Faida za kubuni za kabla ya hapo waliendelea nazo. Kwa hivyo si kweli kwamba sheria ilimwonea mdogo ikambeba mkubwa kila mahali. Lakini weka matokeo ya wiki ile kando kwa kando: mstaafu wa Madoff alipambana kuhusu miaka miwili ya mwisho na mara nyingi alirudisha. Wenye hisa wa Tribune walibaki na bilioni 8. Tofauti haikuwa usafi wa moyo. Tofauti ilikuwa njia ambayo pesa ilipitia, na wenye kuchagua njia wana mawakili wa kuichora mapema.

Nasikia mtu akisema: basi wakopeshaji wakubwa hawaguswi. Hapana. Nenda Florida. TOUSA ilikuwa kampuni ya kujenga nyumba. Kampuni mama ilikuwa na deni la zaidi ya dola milioni 400 kutokana na mradi ulioharibika. Julai 2007, soko la nyumba likianza kuporomoka, ilikopa mpya ili kulipa deni hilo, na dhamana ikawa mali ya kampuni tanzu, ambazo hazikuwa zinadaiwa deni hilo. Miezi sita baadaye, Januari 2008, kundi zima likafilisika. Wakopeshaji wapya walikuwa wameshika dhamana, wa zamani walishalipwa. Wenye kudai zile tanzu ndio waliobaki mikono mitupu.

Wakopeshaji walijitetea kwamba tanzu zilipata kitu: zilipata nafasi ya kutofilisika. Mahakama ya ufilisi ikauliza nafasi hiyo ilikuwa na thamani gani kama meli ilikuwa tayari inazama, ikafuta dhamana. Mahakama ya juu yake ikapindua. Mwaka 2012 mahakama ya rufaa ikarudisha uamuzi wa kwanza, na ikaongeza kwamba hata wakopeshaji wa zamani waliolipwa wanaweza kutakiwa kurudisha, maana dhamana ile ilitolewa kwa faida yao. Mabenki yalilalamika: mnataka tuchunguze kila anayetulipa? Mahakama, kwa maneno yangu mimi: akikulipa mtu anayeyumba, pesa nyingi hivyo, ndiyo, uliza imetoka wapi.

Sasa nyumbani. Mawazo haya yalitufikia kwa njia ya ukoloni, pamoja na sheria nyingine za Kiingereza, na kwa miaka mingi tulitumia Sheria ya Ufilisi, Sura ya 53. Septemba 2015 ikatiwa sahihi mpya, Sheria ya Ufilisi Nambari 18 ya 2015, iliyofuata kwa sehemu kubwa ile ya Uingereza ya 1986. Ndani yake yamo yote mawili niliyoeleza pale dukani: mauzo kwa bei ya kutupa, na upendeleo. Kwa hivyo mtu akikuambia "Kenya hatuna sheria ya kurudisha", mwambie aketi.

Mwezi mmoja baadaye, tarehe 13 Oktoba 2015, Imperial Bank ikawekwa chini ya usimamizi. Tarehe 7 Aprili 2016 ikafuata Chase Bank. Benki zina utaratibu wao chini ya shirika la bima ya amana, KDIC, lakini swali la haki ni lile la Boston. Siku moja kabla Chase haijafungwa, habari zilisambaa mtandaoni na watu wakakimbilia matawi. Aliyetoa tarehe 6 alilala na pesa yake yote. Aliyesema "acha nitaenda kesho" alikuta karatasi mlangoni. Wakati huo bima ya amana ilikuwa shilingi laki moja tu, na ilipanda hadi laki tano Julai 2020. Mwaka 2018 SBM ya Mauritius ilipochukua sehemu ya Chase, ilibeba asilimia 75 ya amana zilizokuwa zimefungiwa.

Je, wa tarehe 6 arudishe? Kwa hesabu ya kondoo na Ponzi, ungeweza kusema ndiyo. Mimi nasema hapana, na hapa natofautiana na marafiki zangu wa siasa kali. Ukianza kuvuta pesa kutoka kwa kila aliyetoa akiba benki wiki ya mwisho, kesho hakuna mama mboga atakayeweka shilingi benki, atarudi chini ya godoro. Kwa mwenye amana wa kawaida, kinga inastahili. Kwa aliyekuwa ndani, mkurugenzi, ndugu yake, kampuni yake ya mfukoni, mkopeshaji aliyeona vitabu halisi kabla yetu, sioni kwa nini. Marekani wanalitofautisha hili waziwazi: upendeleo kwa mtu wa kawaida wanaangalia siku 90 za mwisho kabla ya kufilisika, kwa jamaa na wakubwa wa kampuni wanaangalia mwaka mzima. Aliye jikoni anajua chakula kimeungua kabla ya wageni.

Ndiyo maana ile ahadi ya "tutarudisha pesa zote" inanichosha. Zote kutoka kwa nani? Ukimaanisha tapeli, kawaida ameshazila. Pesa iko kwa waliopokea: shemeji mwenye pikapu, mkopeshaji aliyelipwa mapema, mwenye hisa aliyetoka na gawio nono mwaka wa mwisho, na ndiyo, shangazi mwenye ng'ombe. Mwanasiasa hawezi kutaja orodha hiyo jukwaani kwa sababu nusu yao wamekaa mbele ya jukwaa, na baadhi wamelipia jukwaa lenyewe. Na ile "msiguse wawekezaji" ya upande wa pili inamweka shangazi mbele kama ngao, kumbe anayelindwa amesimama nyuma yake.

Kuna jambo la muda pia, ambalo halipigiwi makofi popote. Kesi hizi zina saa. Picard alikuwa na miaka miwili kufungua zile kesi 1,000, na alizifungua. Hapa kwetu tunaunda jopo, jopo linaongezewa miezi, ripoti inasomwa, ripoti inawekwa kabatini, na dirisha la kurudi nyuma linajifunga taratibu bila mtu yeyote kulisukuma. Kama unataka kujua kiongozi ana nia ya kurudisha, mwulize tarehe. Kesi ya kwanza itafunguliwa lini, na dhidi ya malipo ya kuanzia lini.

Wiki ijayo nitaandika kuhusu foleni yenyewe: chungu kikishajaa tena, nani anakula kwanza. Mwenye dhamana anachukua chake pembeni, kisha gharama za mfilisi, kisha mishahara ya wafanyakazi hadi kiwango fulani, kisha kodi. Wale waliopeleka maziwa na mboga wako nyuma yao wote. Maswali wekeni hapo chini. Ukitaja jina la mwanasiasa nakufuta.